Mapipa Thelathini

Ramani waliitandaza juu ya meza ya biliadi,
klabu ya maofisa, La Paz, Juni ya baridi,
na Kanali Urdininea akaipima Chaco kwa vidole:
vinne, na ukucha.
"Wiki tatu," akasema. "Nne, mvua ikituchelewesha."
Mvua! Watu wakacheka. Nami nikacheka,
karani wa ghala, nimesimama mlangoni, daftari kwapani,
nikicheka kwa adabu, meno nusu.

Sehemu kubwa ya ramani ile ilikuwa nyeupe.
Mpima ardhi hakufika, mchoraji hakuthubutu kubuni.
Lakini weupe ule sisi tuliusoma kama ahadi:
pasipochorwa kitu, hapana cha kutuzuia;
pasipoandikwa mtu, hapana mtu.

Nilikuwa nimepiga hesabu usiku kucha.
Askari mia nne, nyumbu tisini,
lita kwa kichwa, lita kwa kwato,
siku kumi na moja toka kisima hadi kisima
(kisima cha pili nilikisikia kwa mchuuzi wa ngozi,
naye alikisikia kwa shemejiye).
Jibu: mapipa sitini.
Kanali akalitazama jibu langu kama nzi kwenye supu.
Akakata sitini, akaandika thelathini,
na kwa nafasi iliyobaki juu ya malori
akaandika: ngoma, tarumbeta, tuba.
"Tutaingiaje ngomeni mwao kimyakimya, Ticona?
Kama wezi?"

Ningependa kusema nilibisha.
Nilichofanya ni kuunakili ukurasa upya,
maana kalamu yake iliuchafua mstari,
na mwandiko wangu, siku zile, ulisifiwa.
Jioni nikaweka dau na Zenobio wa masijala,
chupa mbili za singani,
kwamba gwaride la Agosti litatukuta tumesharudi.
Fermín, kaka wa mke wangu, mpuliza tuba,
nilimwambia asijisumbue na blanketi la pili.

Usimtukane mamba, walisema waliotutangulia,
kabla hujavuka mto.
Sisi tulimtukana mamba
katika nchi isiyo na mto.

Siku ya sita malori yalikwama mchangani.
Siku ya tisa nyumbu walianza kulamba chuma.
Haya sikuyaona. Niliyasoma, kwa penseli,
katika barua ya Fermín iliyokunjwa kama kipaketi cha dawa:
"Usiku tunaitega tuba, mdomo juu.
Alfajiri tunapata umande, kijiko kimoja,
una ladha ya shaba. Tunakunywa kwa zamu.
Leo ilikuwa zamu ya Yujra,
lakini Yujra hakuamka,
basi nimekunywa mimi.
Adui bado hatujamwona."

Barua ya pili haikuja.

Mwaka wa pili wa zile wiki tatu
tuliletewa mateka, fundi saa wa Asunción,
akanitengenezea saa ya ghala kwa kijisu cha matunda.
Akanisimulia bila kuulizwa: kwao nako kulikuwa na meza,
na kanali, na mkono juu ya weupe uleule.
Vidole vya kanali wao vilikuwa vifupi kidogo;
alipata vitano, akasema mwezi.
Tukatazamana. Sikumbuki nani alianza kucheka,
ila nakumbuka hatukuweza kuacha,
hadi mlinzi akaja kutuuliza kuna nini.

Zenobio hakunidai kamwe.
Chupa zake nilizinunua, zipo rafuni,
vumbi limezivalisha koti.
Mke wangu huzifuta kila kitu pembeni yake, zenyewe haziguswi.

Jana amekuja luteni, kijana, buti zinang'aa,
na ramani mpya, hii ina rangi.
Ameitandaza juu ya magunia yangu ya unga,
akaweka kidole gumba, akakiviringisha hadi mpakani.
"Siku kumi, mzee. Nipe mapipa ishirini."
Nimekitazama kile kidole: safi, kimekatwa kucha vizuri.
"Afande," nimemwuliza,
"hicho kinakunywa lita ngapi kwa siku?"

Amecheka.
Meno yote.